Kibanda cha picha kwa arusi, feti na sherehe za kampuni Lubumbashi: mwongozo kamili wa anayekodi

Kabla hujauliza bei ya kibanda cha picha, kaa na mtu atakayeongoza sherehe yako mwandike ratiba ya kweli. Ile ya kwenye kadi ya mwaliko kila mtu wa Lubumbashi anaijua: imeandikwa 18:00, na saa hiyo ukumbini wapo wapambaji wanaomalizia maua, vijana wa muziki wanaojaribu spika, na shangazi mmoja aliyewahi ili ashike viti vya familia. Wageni wanaanza kujaa baadaye kabisa. Maarusi walitoka komini, yaani ofisi ya serikali wanakoandikisha ndoa, asubuhi, wakapita kanisani, wakaenda kupiga picha chini ya mijakaranda, na wataingia ukumbini wakati wanaoujua wao wenyewe. Kibanda kinalipiwa kwa saa. Ukikodi saa tatu kuanzia 18:00, sehemu kubwa ya pesa yako itaishia kwenye viti vitupu, na vijana watafunga vifaa vyao wakati watu ndiyo kwanza wameshiba na wanataka kupiga picha.

Ndiyo maana naanza na ratiba. Mashine zinafanana kuliko wenye mashine wanavyosema. Kinachotofautisha arusi iliyopata picha nzuri na ile iliyopata malalamiko ni saa zilizochaguliwa, umeme uliopangwa, na mtu anayesimama kando ya kamera. Nimeandika kwa ajili ya anayekodi: wazazi, kamati ya arusi, au katibu wa kampuni aliyeambiwa atafute "ile mashine ya picha" kabla ya Ijumaa.

Jua unachokodi

Kibanda cha picha kinachojiendesha kina umri wa karibu miaka 100. Anatol Josepho, mzaliwa wa Siberia aliyehamia Marekani, alifungua cha kwanza Broadway, New York, mwaka 1925. Kwa senti 25 mtu alipata picha nane kwenye ukanda mmoja, akisubiri kama dakika nane. Leo printa nzuri ya kibanda inatoa picha ya sentimita 10 kwa 15 ndani ya sekunde 15 hivi, ikiwa kavu.

Utakutana na aina kadhaa. Kuna sanduku lililofungwa, lenye pazia na kiti ndani. Linapendeza kwa watu wawili, lakini familia zetu hazipigi picha wawili wawili, kwa hiyo mimi siliweki kwenye arusi. Kuna kioo kirefu cha kugusa kinachoficha kamera nyuma yake. Kinavutia macho, ila ni kizito kusafirisha na wazee wengi hawajui waguse wapi, lazima pawe na mtu wa kuwasaidia. Kuna tableti iliyowekwa kwenye duara la taa, bila printa, picha zikienda kwenye simu tu. Hiyo ndiyo rahisi kuliko zote, inafaa sikukuu ya kuzaliwa ya vijana au mlo wa kuaga mfanyakazi mwenzenu.

Halafu kuna jukwaa la 360, ambalo vijana wanalipenda sana: unasimama juu ya sahani, mkono wenye simu au kamera unakuzunguka, video inatoka ikiwa ya mwendo wa polepole. Ni zuri, ila fikiria mambo mawili. Halitoi karatasi. Na mkono ule unazunguka kwa nguvu kando ya watu waliovaa magauni marefu na viatu virefu, kwenye sahani iliyoinuka. Ukilikodi, lizungushiwe kamba, asipande mtu zaidi ya idadi iliyoandikwa na mtengenezaji, na mhudumu ashike swichi mkononi muda wote. Watoto wasipande peke yao.

Aina ya mwisho ni kibanda cha wazi: pazia la nyuma, kamera na taa kwenye nguzo, printa pembeni. Kwa arusi ya hapa kwetu naishauri hii bila kusita. Inabeba bibi na wajukuu zake wote kwa pamoja, na inatoa karatasi. Karatasi ina maana kubwa. Simu inaibiwa sokoni kwenye komini yetu ya Kenya, inajaa, inavunjika kioo, na picha zinapotea nayo. Picha ambayo mama amerudi nayo Kasenga au Kipushi ndani ya mkoba wake itakaa ukutani sebuleni miaka mingi, na kwa wageni wengi ndiyo picha pekee ya siku hiyo watakayoipata mkononi.

Uliza jina la printa

Swali la kwanza kwa mwenye kibanda liwe hili: unachapa na printa gani? Akijibu "printa ya picha", uliza tena. Printa zinazofaa kazi hii zinatumia joto kuhamisha rangi kutoka kwenye utepe kwenda kwenye karatasi: njano, kisha nyekundu ya zambarau, kisha buluu, na mwisho tabaka la kinga juu. Karatasi inapita mara nne na kutoka kavu kabisa. Ile DNP DS-RX1, kwa mfano, ambayo wenye vibanda wengi duniani wanaitumia, inabeba roli ya picha 700 za 10 kwa 15. Printa ya wino ya ofisini haifai. Inachukua muda, na picha ikishikwa na mkono uliotoka kwenye kuku wa kukaanga inafutika.

Jaribio lake ni rahisi. Omba picha waliyochapa kwenye sherehe iliyopita, lowesha kidole gumba, sugua pembeni. Rangi ikibaki kidoleni, mshukuru na uendelee kutafuta.

Kuna pia printa ndogo za nyumbani zenye teknolojia hiyo hiyo ya joto, kama Canon Selphy. Picha yake ni nzuri, lakini moja inachukua kama sekunde 40 na zaidi, na kaseti ya utepe wake inaishia kwenye picha 36 ndipo ubadilishe. Kwa ubatizo wa wageni 40 inatosha. Kwa arusi ya watu 300 itakuwa foleni ya kukasirisha.

Adui mkubwa wa printa hizi kwetu ni vumbi. Toka Mei hadi mvua za kwanza, vumbi jekundu linaingia kila mahali, na chembe moja ikikaa kati ya utepe na karatasi inaacha doa jeupe, mara nyingi kwenye paji la uso la mtu. Kama sherehe iko nje au chini ya hema, printa ikae juu ya meza, kamwe isiwe chini, na karatasi ibaki ndani ya mfuko wake mpaka dakika ya kuipakia. Mwulize mwenye kibanda anaisafishaje na kwa kitu gani. Anayefanya kazi yake vizuri atakujibu mara moja.

Hesabu ya watu, dakika na karatasi

Kundi moja likifika, linajipanga, linavutana, mtoto analetwa, mmoja anarudi kuchukua mkoba, kamera inahesabu, picha tatu zinapigwa, wanatoka. Hesabu dakika moja na nusu hadi mbili. Kwa hiyo saa moja inabeba makundi 30 hadi 40, na hiyo ni saa nzuri isiyo na hotuba. Wageni 300 wakija wanne wanne ni makundi 75, lakini hawaji mara moja tu: mama atakuja na mume wake, kisha na dada zake, kisha na kikundi cha kanisa. Weka makundi 120. Hapo unahitaji saa tatu na nusu za kazi halisi, mbali na saa za kuingia, kula na hotuba.

Sasa nakala. Kundi la watu wanne linataka nakala nne, na wana haki. Nakala nne za 10 kwa 15 zinachukua karibu dakika nzima kwenye printa, kwa hiyo foleni itatoka kwa printa zaidi kuliko kwa kamera. Njia inayotumika ni ukanda wa 5 kwa 15: karatasi moja inakatwa katikati na kutoa kanda mbili. Muda unapungua nusu na karatasi inapungua nusu.

Lakini hapa Lubumbashi kuna jambo ambalo ukanda mwembamba haulitimizi. Watu wamevaa. Familia ya bibi arusi imeshona kitambaa kimoja, kaka zake wamevaa suti na viatu vinavyong'aa, na kila mtu anataka aonekane toka kichwa mpaka mguu. Kijana mhudumu anaweza kusema, "Mama, sogea mbele kidogo, papa akae katikati," na mama atamjibu, "Mwanangu, nikisogea utakata viatu vyangu." Ana sababu. Kibanda kilichopangwa kukata watu kiunoni kitawarudisha wageni mezani bila raha. Kwa hiyo omba mipangilio miwili iandaliwe kabla: picha moja nzima ya wima ya 10 kwa 15 kwa familia na wazee, na ukanda wa picha tatu kwa vijana wanaotaka kucheza na miwani na kofia. Mhudumu anabadilisha kwa kugusa mara moja tu, na hiyo isikuongezee bei.

Ukisikia "picha bila kikomo", uliza kikomo cha nini. Wengine wana maana ya makundi bila kikomo, lakini nakala mbili tu kwa kila kundi. Liandikwe. Na kwenye gari lao pawepo roli ya pili, hata kama hesabu inaonyesha moja inatosha.

Umeme

Hapa ndipo sherehe nyingi zinaharibikia, na ndipo naomba usione haya kuuliza maswali mengi.

Umeme wa SNEL, shirika la umeme la taifa, unaweza kukatika katikati ya sherehe, kila mtu anajua. Jenereta la ukumbi linawaka baada ya nusu dakika au dakika moja, taa zinarudi, watu wanapiga makofi, muziki unaendelea. Kwa kibanda mambo ni tofauti. Printa iliyokatizwa katikati ya kuchapa inaharibu karatasi ile na kipande cha utepe, wakati mwingine karatasi inanasa ndani. Kompyuta isiyo na betri nzima inazimika, na kuwasha kila kitu upya ni dakika kadhaa watu wakiwa wamesimama kwenye foleni. Ikitokea mara tatu usiku mmoja, umepoteza karibu nusu saa uliyoilipia.

Dawa yake ni UPS ya kibanda chenyewe, yaani kifaa chenye betri kinachoshika papo hapo umeme ukikatika. Printa ya aina niliyotaja inakula wati 300 hadi 400 inapochapa, ongeza kompyuta na taa, unakaribia 600. UPS ndogo ya kompyuta ya ofisini, ya VA 650, italia na kuzimika. Omba ya VA 1500 au zaidi, au betri yenye inveta inayotoa mkondo safi. Siku ya kukagua vifaa, mwambie mwenye kibanda awashe kila kitu, aanzishe kuchapa, kisha wewe mwenyewe vuta plagi ukutani. Picha ikitoka nzima, UPS hiyo inafaa.

Kwa mwenye ukumbi uliza: jenereta lako linabeba soketi za ukumbi, au taa na muziki tu? Kumbi nyingine jenereta limeunganishwa kwenye taa peke yake, na watu wanagundua usiku wenyewe. Mafuta analipa nani, na yanatosha mpaka saa ngapi? Soketi ya kibanda iko kwenye laini ipi? Isiwe ile ya amplifaya za muziki wala ya friji za vinywaji, maana friji inapoanza volti inashuka ghafla. Kama jenereta ni dogo la petroli, volti yake inacheza, kwa hiyo stabilaiza ikae kati yake na UPS. Beba pia adapta za plagi: mjini kwetu vifaa vinatoka Ulaya, Afrika Kusini na Zambia kupitia Kasumbalesa, na kila kimoja kina miguu yake. Waya wa kurefusha upite ukutani na ubandikwe kwa utepe mpana, usikatize njia ya watoto.

Intaneti ni nyongeza tu. Ukumbi ukijaa watu 400, mtandao wa simu unalemewa na video ya 360 haitapita. Kibanda kizuri kinahifadhi kila kitu kwenye diski yake, kinachapa bila mtandao, na kinatuma kwa WhatsApp baadaye. Asiyeweza kufanya kazi bila intaneti usimkodi.

Mahali, pazia na mwanga

Kibanda cha wazi kinataka upana wa mita tatu na kina cha mita nne na nusu. Kamera ya kawaida yenye lenzi ya milimita 18, ikigeuzwa wima na kuwekwa mita tatu kutoka kwa watu, inapata upana wa mita mbili na nusu: watu watano au sita wima, na zaidi wakipangwa safu mbili. Ukipewa kona ya mita mbili utapata vichwa tu.

Kiweke pale wageni wanapopita bila kulazimishwa, karibu na mlango wa ndani au upande wa meza ya zawadi. Kisikae mbele ya spika, maana mhudumu atapiga kelele usiku kucha na mtikiso unafika mpaka kwenye nguzo ya kamera. Kisizibe njia ambayo maarusi wataingia wakicheza. Karibu na chakula pia hapana. Foleni mbili zikikutana, ya picha inakufa.

Pazia jeupe na lile la vishanga vya dhahabu ndiyo yanayopendwa, na yote mawili yana mtego. Kamera ikiachwa ijipimie yenyewe mbele ya weupe mwingi, inapunguza mwanga, na nyuso zetu zinatoka nyeusi, bila macho wala tabasamu. Vishanga navyo vinarudisha flashi moja kwa moja kwenye lenzi, na madoa meupe yanatokea nyuma ya kichwa cha mtu. Mhudumu anayejua kazi anapanga kamera kwa mkono, kwa mfano f/8, 1/125, ISO 400, na anaweka flashi ndani ya kisanduku cha kitambaa, juu kidogo ya usawa wa macho na pembeni, ili mwanga uwe laini na mpana. Flashi hiyo pia inashinda zile taa za zambarau na buluu za ukumbini ambazo zingewapaka wageni rangi isiyo yao.

Jaribio ninaloliamini: simamisha mtu mwenye ngozi nyeusi aliyevaa suti nyeusi kando ya mtu aliyevaa nyeupe. Kwenye karatasi iliyochapwa, siyo kwenye skrini, tafuta vitu viwili. Mishono ya gauni jeupe ionekane, na mboni za macho ya mwenye suti zionekane. Kimoja kikikosekana, mwanga haujakaa sawa, na bado kuna muda wa kuurekebisha.

Kuhusu rangi, ulizia familia zimeshona kitambaa gani. Kitenge chenye maua makubwa mbele ya pazia lenye maua makubwa ni vurugu. Pazia la rangi moja, kijani iliyoiva au udongo, linawaacha watu na nguo zao wang'ae.

Kama mko nje, fanyeni kazi baada ya jua kushuka, kuanzia karibu 18:00, au mgeuzie jua mgongo. Kati ya Novemba na Machi msikubali kibanda nje bila hema lenye kuta: mvua yetu inakuja na upepo wa pembeni. Na Juni na Julai usiku ni baridi kali, watu hawatasimama nje kwenye foleni, wanakimbilia ndani.

Makubaliano ya maandishi

Hata kama mwenye kibanda ni mtoto wa jirani. Karatasi moja inatosha, yenye sahihi mbili.

Andika saa kwa tarakimu za saa 24: vifaa kufika 16:00, jaribio 17:30, kazi 20:30 hadi 00:30. Andika saa za kusubiri zinalipwaje, maana vijana wakikaa tayari toka 17:30 wanaweza kudai. Kwa maoni yangu wakubaliane kuweka vifaa mapema, vikae bila kazi, na saa zianze kuhesabiwa MC anapotangaza. Andika bei ya saa ya nyongeza leo, kabla ya usiku ule ambapo mjomba atasema "ongezeni tu" na hakuna anayejua kiasi. Andika idadi ya wahudumu, na wasipungue wawili: mmoja wa kamera, mmoja wa printa na foleni. Andika nini kinatokea printa ikifa: wana ya akiba, au wanarudisha kiasi gani?

Pesa: dola au franga, na kama ni franga basi kwa kiwango cha siku gani. Avansi, yaani malipo ya awali, ya nusu ni desturi inayokubalika. Asiyetaka kukupa risiti usimpe avansi. Kagua noti za dola moja moja, iliyochanika hata kidogo haitapokelewa na mtabishana bure. Ukilipa kwa M-Pesa, Airtel Money au Orange Money, ujumbe wa uthibitisho ni risiti yako, usiufute.

Na kipengele ambacho watu wanaona vibaya kukisema: kilio. Familia ikifiwa wiki ya arusi, tarehe inasogezwa. Iandikwe kwamba avansi inahamia tarehe mpya bila faini, ikiwa taarifa imetolewa siku kadhaa kabla. Mwenye kibanda mwenye utu hatakataa, naye pia ana familia.

Jumamosi za Julai na Agosti na zile zinazofuata Pasaka zinajaa mapema. Miezi mitatu kabla siyo haraka.

Wapiga picha wa kuzunguka

Kwenye kila arusi wapo: wanapiga wageni mezani, wanatoka mbio kuchapa, wanarudi na picha kabla watu hawajaondoka na kuziuza moja moja. Hiyo ndiyo riziki yao. Kibanda cha bure kikisimama mlangoni, wameingia hasara usiku huo, na hapo ndipo ugomvi unazaliwa. Waite siku chache kabla. Wape eneo lao, yaani meza, mlango wa kanisa, komini, dansi, na kibanda kibaki kwenye pazia lake. Mpiga picha mkuu wa arusi naye aambiwe kibanda kitakuwa wapi, ili asikute kamera yake ikielekea mgongo wa flashi ya mwenzake. Mji huu unaheshimu picha kiasi cha kuwa na Biennale yake, maonyesho makubwa ya sanaa yaliyoanzishwa na kundi la wasanii liitwalo Picha mwaka 2008. Wapo watu wanaoishi kwa kazi hiyo na wanastahili kuarifiwa.

Sherehe za kampuni

Hapa karatasi zinatangulia. Idara ya fedha itataka fakture (ankara) yenye namba ya RCCM, ile rejista ya biashara, kitambulisho cha taifa cha biashara na namba ya kodi, na mara nyingi TVA, kodi ya ongezeko la thamani, ya asilimia 16. Mwenye kibanda asiye navyo hataweza kulipwa, hata kama kazi yake ni nzuri, kwa hiyo uliza siku ya kwanza. Kampuni nyingi zinalipa wiki kadhaa baada ya kazi. Mwambie wazi, asije akadai pesa mlangoni.

Tarehe zinazogombaniwa ni 8 Machi, 1 Mei, tarehe 4 Desemba ya Mtakatifu Barbara ambaye ni msimamizi wa wachimba madini, na wiki za Noeli. Juni ni ya DRC Mining Week, inayofanyika hapa mjini na kuvuta vifaa vingi kwenye mabanda ya maonyesho. Sherehe ikiwa ndani ya eneo la mgodi, majina ya wahudumu na namba ya gari yafike kwa walinzi mapema, pamoja na viatu vya usalama na kofia ngumu.

Nembo ya kampuni iwe ndogo, chini pembeni. Mfanyakazi anataka picha ya kumwonyesha mke wake. Ikijaa nembo ataiacha mezani. Na kama kibanda kinaomba namba za simu ili kutuma picha, paandikwe kwenye skrini zitatumika kwa nini. Tangu Amri-sheria namba 23/010 ya 13 Machi 2023, ile Code du Numérique (Kanuni ya Kidijitali), taarifa binafsi za watu zina ulinzi wa kisheria nchini. Mgeni aweze kuchukua karatasi yake bila kuacha namba.

Usiku wenyewe

Wazee kwanza. Mwambie MC aite meza moja moja baada ya chakula, akianza na wazazi wa pande zote mbili, na protokoli, yaani mpokea wageni, awasindikize. Ukiacha foleni ijipange yenyewe, vijana wataishika na mababu watarudi nyumbani bila picha. Kiti kimoja imara kikae mbele ya pazia kwa ajili ya asiyeweza kusimama.

Mhudumu aongee. Kibanda chenye kijana anayetazama simu yake hakipati watu. Chenye binti anayesema "Yaya, njoo na dada zako, picha ni bure, utaondoka nayo" kinajaa. Neno "bure" lisemwe mara nyingi, maana wageni wengi wamezoea kulipia picha na watapita mbali wakilinda mifuko yao.

Kama mnataka kitabu cha wageni, kila kundi lichapiwe nakala moja ya ziada, ibandikwe, na waandike baraka zao kando. Nunueni kalamu za wino mzito usiofutika, mbili au tatu. Bik haiandiki juu ya karatasi hii laini. Mtu mmoja wa familia akae kwenye kitabu hicho usiku kucha, la sivyo asubuhi mtakuta kurasa sita tu zimejaa.

Kabla ya kumalizia malipo, omba faili zote kwenye flashi ya USB au diski yako, pale pale au kesho yake. Fungua picha kumi kutoka mwanzo, katikati na mwisho, uone ni faili kubwa za kamera na siyo zile ndogo zilizotumwa kwa WhatsApp. Nakili mara mbili, moja ikae kwa wazazi na moja kwa maarusi. Karatasi zilizobaki bila wenyewe zipange kwa familia, umpe shangazi anayejua nyumba zote, naye atazifikisha Katuba, Ruashi na Kampemba wiki hiyo hiyo.